Fundi Asiyekimbilia Stata

Tangazo lililosomwa redioni asubuhi lilisema kwamba barabara ya Gatumba ni shwari kabisa, na wenye magari wasafiri bila hofu. Alasiri lori la Twalibu likavutwa kutoka huko mpaka gereji, injini imemeza maji ya mafuriko na kukwama. Fundi hakugusa stata, isije ikaizungusha injini kwa nguvu ikiwa na maji ndani. Kama kawaida yake alivua saa, akaitia mfukoni, akafungua nozeli za kunyunyizia dizeli moja moja akizifuta kwa pindo la shati, kisha akaizungusha injini kwa mkono, taratibu, sikio karibu na chuma. Maji yakaruka kutoka matundu ya nozeli mpaka kwenye kofia yake. Twalibu, ambaye hana shamba wala duka ila lori hilo, alisubiri kusikia kama bieli, vile vyuma vinavyosukuma pistoni, zimepinda. Zikipinda, injini imekufa.

“Ziko sawa,” fundi alisema, kwa sauti ileile anayoagizia chai. “Ingezimika yenyewe mu maji, zingepinda. Lakini we uliwahi kuzima. Nani alikufundisha?”

“Apana kufundishwa, fundi. Walikuwa wanapigana masasi, bunduki zinalia pande zote mbili za barabara. Nilizima wasinisikie, nikalala chini ya siti.”