Mkalimani wa Kufukuza Kazi

Baba yangu alijua maneno mengi ya Kiingereza ya kumwondoa mtu kazini kuliko ya kumsalimia. Aliyaokota ujanani katika migodi ya Zambia, na aliporudi Kolwezi, nchi ikiwa tayari inaitwa Zaïre, maneno hayo yakampa mkate. Kampuni ndogo ya wageni, wafungaji wa mashine za kusaga mawe ya shaba, ilitaka mtu wa kusimama kati ya bosi aliyejua Kiingereza tu na mafundi waliojua Kiswahili chetu na Kifaransa kidogo.

Jioni, akifungua vifungo vya abakosti yake ya kijivu, koti rasmi la siku zile lisilovaliwa tai, alinifundisha maneno yale kama baba wengine wanavyowafundisha watoto majina ya ndege. Kuna fire, alisema, hilo ni moto, linamtoka mtu akiwa na hasira. Kuna sack, gunia: tia vyombo vyako humo, uende. Kuna lay off, la kumweka mtu kando kama sufuria ambayo huenda ikahitajika tena. Na kuna lile alilolichukia kuliko yote, let go, kumwachia mtu aende zake, kana kwamba alikuwa kifungoni na sasa anafunguliwa mlango kwa hisani.

"Bazungu banaogopa," alisema. "Banapakaa sukari juu ya dawa."

Kisha bei ya shaba ikaanguka, na bosi akaanza kuwaita mafundi kwenye baraza ya ofisi, mmoja leo, wawili kesho. Alizungumza kwa muda mrefu, macho kwenye viatu vyake. Baba alingoja amalize, akamgeukia fundi, akamwita raia kama serikali ilivyoagiza.

"Citoyen, kazi yako imekwisha leo. Bamekutosha. Kesho usirudi."

Basi, ni hayo tu; kutosha, kwetu, ni kuondoa.

Mama hakupenda. "Juu ya nini usiseme nao pole pole?"

"Nikisema pole pole, kesho atavaa kofia yake aende kungoja ku mulango. Niliona ile kule Zambia. Muntu anangoja mpaka viatu binaisha."

"Lakini beye banasikia sauti yako, tata. Sauti ya muzungu hapana."

Mama alikuwa ameona mbali. Siku hizi naandika riwaya, na kila ninapotaka kuilainisha sentensi namsikia baba akingoja bosi anyamaze. Lakini namsikia mama pia.

Katika kambi yetu nyumba zilikuwa za makampuni, ya baba na ya mgodi. Aliyepoteza kazi alipewa muda mfupi tu, kisha apoteze na paa. Kwa hiyo majirani walikaa naye kama wanavyokaa na mfiwa. Jua likishuka ungewaona wanaume wakija kila mmoja na kiti chake kichwani, miguu ya kiti ikielekea mbinguni. Walikaa uani kwake wakizunguka mbabula, jiko la makaa, wakawaigiza mabosi mpaka mwenye msiba mwenyewe akacheka. Wanawake walileta unga katika mabeseni. Na beseni halikurudi tupu kwa mwenyewe. Hata nyanya mbili zilitosha, ajue kwamba ndani ya nyumba ile bado kuna uhai.

Baba alikwenda mara moja, kwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyekaa mkabala nasi. Alijitwika kiti chake, akavuka njia. Mimi nilibaki kwenye ua wetu wa mabua, nikasikia vicheko vikikatika.

"Karibu, Mukalimani," fundi alisema. "Umekuya kutuambia nini tena?"

"Angalia, ameleta na kiti," mwingine akadakia. "Labda nacho bamekitosha ku kazi!"

Wakacheka, lakini si kile kicheko cha mwanzo. Baba alikaa kidogo, akaaga. Alirudi na kiti mkononi, akikikokota, mguu mmoja ukichora mstari vumbini kutoka mlango wao hadi mlango wetu.

Tangu siku hiyo tulizijua mbabula za wengine kwa moshi tu. Bombani mama alisalimiwa na maneno yakaishia hapo. Wenzangu wa kuruka kamba waliikunja kamba nilipokaribia. Na baba, kila asubuhi, alifunga vifungo vya abakosti akaenda kusimama pale barazani.

Alipokwisha kuwasemea wote, zamu ikawa yake. Alirudi kabla ya king'ora cha mchana, akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Alitumia neno gani?" mama aliuliza.

"Let go."

"Sema kwa luga yetu."

Baba alisimama wima kama alivyosimama barazani. "Citoyenne, kazi yangu imekwisha leo. Bamenitosha."

"Sawa, tata. Tumesikia."

Mama alifagia ua, akanyunyiza maji kutuliza vumbi. Alitoa viti vyote vilivyokuwa ndani, hata kigoda changu, akavipanga duara. Aliwasha mbabula, akasonga bukari nyingi, ugali wa kwetu, akapika sombe ya majani ya muhogo. Tukangoja. Wanaume wa mgodini waliotoka zamu walipita njiani. "Jambo, tata," walisema, wakaongeza hatua. Mwanga uliuacha mlima wa mabaki ya mgodi, ukaziacha paa, ukatuacha na sisi.

"Niingize viti?" niliuliza.

"Acha. Na siye ni bantu. Ikala."

Nikakaa. Tulikuwa watatu katika duara lile pana, kati yetu viti vitupu, na bukari ikapoa.

Asubuhi mama alipofungua mlango alikuta beseni la unga kizingitini, limefunikwa kitambaa. Lilikuwa la bluu, limebanduka rangi ukingoni. Alilishika kwa mikono miwili, akapita nyumba hadi nyumba. "Beseni hii ni ya nani?" Hakuna aliyelidai. Mke wa yule fundi wa vyuma, naye bado hajahama, alikuwa akisugua sufuria. "Yangu hapana, mama," alisema, bila kuinua uso.

Tulikula unga ule. Siku ya kuhama, mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa akielekea Dilolo alitupakia kwenye lori lake. Baba alikuwa ameambiwa kwamba Kisenge, mji wa mgodi ulio njiani humo, huenda kukapatikana kazi. Aliketi mbele na dereva. Mama alipanda nyuma pamoja nami, akakaa juu ya godoro. Alikuwa amelijaza beseni nyanya, akalipakata magotini, akaliinamisha kidogo upande wa milango, mwenyewe alione achukue.

"Shofere, enda pole pole," aliita.

Dereva alitii. Tulipita mlango baada ya mlango, wanawake wamesimama na watoto viunoni, wakitazama. Mama aliligeuza beseni kulia, akaligeuza kushoto. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Lori lilipoingia barabara kuu, nyanya zilikuwa bado zimejaa.