Siku Niliyomsemea Binti wa Kwetu Mbele ya Polisi

Nilikuwa zamu ya asubuhi kwenye mapokezi ya jengo moja la makazi kule The Pearl, Doha, nimevaa sare yangu ya ulinzi, mlango wa ngazi za dharura uliposukumwa kwa kishindo. Akatokea msichana, kadama, mtumishi wa ndani, wa nyumba mojawapo ya juu, miguu mitupu, amembeba mtoto mdogo aliyelowa chapachapa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia. Msichana alikimbia moja kwa moja kuelekea nje.

Mama mmoja mkazi wa pale akapiga ukelele kwa Kiarabu kwamba mtoto anaibwa. Walinzi wawili wanaume wakamdaka msichana, mtoto akachukuliwa mikononi mwake, ambulensi ikaitwa, na polisi wakaitwa. Mtoto alipopelekwa hospitali hakuna aliyejua kama yu hai.

Msichana aliketi sakafuni, mgongo ukutani, kimya. Walimsemesha Kiarabu, Kiingereza, hata Kihindi. Msimamizi wetu, Mganda mmoja mtu wa haraka, akanigeukia.

"Dada, nasikia huyu ni Mkenya mwenzako. Jaribu Kiswahili."

Nikainama mbele yake. "Mdogo wangu, umetoka wapi?"

Alipoona buti zangu alijikunyata, akajifunika kichwa kwa mikono kama mtu anayengoja kipigo. Kisha akanong'ona peke yake, "Yieyo, yieyo." Mama, mama. Kwa Kisamburu, lugha yangu.

Ningetarajia mtu afurahi kusikia lugha ya nyumbani katikati ya Doha. Mimi niliogopa. Nilielewa papo hapo kwamba katika jengo lile zima, pengine katika mji ule mzima, ni mimi tu ningeweza kumsemea, na jambo hilo nilikuwa nimeliona likienda vibaya.

Kabla ya kuja Qatar nilikuwa mwalimu huko kwetu kaskazini. Mwalimu kwa jina tu, kwa maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na hakukuwa na mwingine. Serikali ilikuwa ikituma walimu kutoka kusini, nao walikuwa wakiondoka na lori la kwanza baada ya kusikia risasi. Shule ilikuwa na vyumba viwili vya mabati. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na ukiwaona polisi wamefika, ujue wamekuja kwa sababu ya mifugo iliyoibiwa, na kwamba wanaume wa manyatta, maboma yetu, watalazwa kifudifudi kwenye mchanga hadi mmoja aseme kitu. Watoto wangu wa darasani walikuwa wakisikia injini ya gari wanatoroka kupitia dirishani. Sikuwahi kuwakataza.

Mahakama nayo ilitujia mara chache, hakimu akiletwa na gari la polisi, meza ikiwekwa chini ya turubai. Hapo ndipo nilipomwona mzee mmoja wa kwetu akishtakiwa kwa kuua mtu kwenye uvamizi. Mkalimani alikuwa askari aliyejifunza lugha yetu sokoni. Mzee alisema, "Nilimkuta amekufa." Askari akatafsiri kwamba mzee amesema alimkuta, akamuua. Nilisimama nikapaza sauti, "Hakusema hivyo!" Nikaamriwa nikae la sivyo nitolewe. Nikasema tena, nikatolewa. Mzee alipandishwa gari na hatukumwona tena. Baadaye shule yenyewe ilifungwa, siku mabati yalipotobolewa na risasi watoto wakiwa ndani, na mimi nikatafuta kazi Uarabuni kama wengine.

Basi nikamwambia yule msichana kwa lugha yetu, "Mwanangu, mimi ni wa kwetu. Ondoa mikono."

Akanitazama usoni, halafu akaitazama sare. "Wewe ni polisi."

"Mimi si polisi. Nalinda mlango tu."

"Wanaolinda mlango wana nguo kama za polisi?"

Msimamizi akanivuta pembeni. "Sikiliza dada, ukijiingiza hapa na mtoto akifa, kafili wa huyu, huyo mwajiri wake, atakuunganisha naye kwenye mashtaka. Kampuni haitakujua. Sema hukumwelewa."

Alikuwa anasema kweli, na hakuwa mtu mbaya. Lakini polisi walikuwa tayari wamefika, na mmoja wao akauliza kwa Kiingereza ni nani anayeongea lugha ya huyu. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi."

Kituoni walitukalisha kwenye chumba kidogo chenye baridi ya kiyoyozi. Ofisa alikuwa kijana, ndevu zimechongwa vizuri, Kiingereza chake cha taratibu. Msichana alishika pindo la shati langu asiliachie. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Hakuwahi kusoma. Dalali wa kazi za Uarabuni alimtoa manyatta, akapita naye Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika: njoo, leta, pika, asante.

"Muulize alikuwa anampeleka wapi mtoto," ofisa akasema.

Nikauliza. Msichana akajibu kwa pumzi moja, na mimi nikamwomba arudie polepole, kwa sababu kila neno lilikuwa linapita kwangu kama kisu na niliogopa kulishika vibaya. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka. Mtoto aliamka mwili ukiwaka moto. Akakakamaa, macho yakageuka meupe, povu mdomoni. Msichana hakujua kutumia simu ya mle ndani. Lifti alikuwa akiiogopa. Akashuka ngazi zote kutafuta watu.

Nikatafsiri. Ofisa akaandika. "Na kwa nini mtoto amelowa?"

Nikamuuliza. Akasema, "Nilimtia majini."

Nilijua amesema nini. Kwetu mtoto mwenye homa kali hulowanishwa. Lakini maneno yenyewe, nikiyatoa hivyo hivyo kwa Kiingereza, ni maneno ya mtu aliyemzamisha mtoto. Na nikiyapamba, nitakuwa nimeongeza yasiyosemwa, kama yule askari chini ya turubai. Ofisa akainua macho.

"Amesema nini?"

"Subiri, tafadhali. Nataka nimuulize tena."

"Nimeuliza amesema nini."

Sauti yake ilikuwa imepanda. Msichana akaanza kulia akidhani amekwisha. Nikasema, "Amesema alimtia majini. Sasa naomba ruhusa yako nimuulize alimtia vipi. Usiandike kabla hajajibu."

Sijui ujasiri huo nilitoa wapi. Ofisa alinitazama, kisha akaweka kalamu chini.

Msichana alionyesha kwa mikono yake mwenyewe, hata kabla ya kusema: mtoto amelala kwenye mkono wa kushoto, kichwa juu, mkono wa kulia ukichota maji ya bomba na kumpaka kifuani, kwapani, kwenye paji la uso. Alifanya hivyo na mikono mitupu, akiwa analia, na akawa anauimbia ule mkono uliokuwa hauna mtoto. Ofisa aliangalia hadi mwisho. Sikuhitaji kutafsiri, ila nilitafsiri kila kitu.

Kisha tukaachwa peke yetu kungoja habari ya hospitali. Huo ndio muda nilioogopa kuliko wote. Kila hatua ya kiatu nje ya mlango nilidhani ndiyo habari ya kifo. Nilifikiria chumba chetu cha kampuni huko Muaither, wasichana wenzangu wa zamu wakikunja vitu vyangu na kuviweka kwenye sanduku. Msichana aliniuliza kama hapa wanafunga watu mbali na nyumbani. Nikamwambia sijui.

Ofisa aliporudi alibaki amesimama mlangoni. Mtoto alikuwa amezinduka. Ilikuwa degedege ya homa, na daktari hakuona jeraha lolote.

Nikamwambia msichana kwa lugha yetu, "Yu hai." Aliteremka kwenye kiti akakaa chini sakafuni, paji la uso limegusa magoti yangu.

Mwenye nyumba hakufungua mashtaka, lakini hakumtaka tena. Alisema kila akimwona ataiona siku ile, na nilimwelewa. Msichana akapelekwa ubalozini akae huko hadi tiketi ipatikane. Mimi kampuni ilinihamishia ghala moja lililo mbali, bila maelezo, na kwa muda mrefu kila simu ya msimamizi ilikuwa ikinishtua.

Kila Ijumaa nilikuwa napanda basi kwenda kumwona. Siku ya mwisho tuliketi kwenye ngazi za nje, akaniuliza jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu kituoni.

"Yule polisi, kwa nini hakunipiga?"

"Hukuwa umekosa."

"Baba yangu pia hakuwa amekosa, na polisi wa kwetu walimpiga," akasema, bila hasira, kama anayetaka tu kuelewa.

Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo hadi dereva wa ubalozi alipoita jina lake, akainuka, akauchukua mfuko wake, akaenda.