Chai ya Kusukuma Githeri

Juzi katika kliniki moja hapa Runyenjes, mlango wa daktari haukufungwa, sisi wa foleni tukaona na kusikia yote.

"Mzee, chakula kilianza kukwama kooni lini?"

"Tukichuma kahawa, mwaka jana. Lakini nilikuwa nasukuma githeri, yale mahindi na maharagwe, kwa chai moto, inashuka."

Daktari akashusha pumzi. Akamweleza polepole kwamba vipimo vimeonyesha saratani ya koo, kwamba kule kukwama kulikuwa dalili, na kwamba chai inayochoma huliumiza koo miaka na miaka.

Mke wa mzee, kando yake, alikuwa amepakata thamosi. Akakaza kifuniko, ingawa kilikuwa kimekazwa.

"Daktari, ni mimi niliyekuwa nampashia hiyo chai."

Kwetu, mke akikuletea chai vuguvugu, majirani huuliza mmekosana wapi.