Pua ya Mama Wanja

Kwa miaka kumi na tisa Gladys alipokea maziwa katika kituo chetu cha Kanja. Alifungua kifuniko cha mtungi, akainama, akavuta pumzi mara moja, kisha akasema "mimina" au "rudisha nyumbani". Mimi, karani, nilimfuata nyuma na laktomita ya kupimia uzito wa maziwa na spiriti ya kuona kama yameanza kuchacha, na mara nyingi vipimo vilirudia tu alichokwisha kusema. Hilo liliniudhi. Mimi nilikuwa na cheti, yeye alikuwa na pua.

Machi, mwaka juzi, aliyakataa maziwa ya mzee Ndambiri.

"Hii maziwa iko na harufu tamu, kama ndizi imeiva sana," alisema. "Hiyo ng'ombe ni mgonjwa."

Nikapima. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikamuuliza amejuaje.

"Najua tu, Muchangi. Siwezi kukuelezea."

"Basi hujui, Mama Wanja. Unabahatisha."

Wakulima kwenye foleni wakacheka, nami, mjinga mimi, nikacheka nao. Maziwa nikayapokea. Siku ya nne ng'ombe wa Ndambiri alilala chini akakataa kula, na daktari wa mifugo akataja ugonjwa unaotia pumzi na maziwa harufu hiyo hiyo. Nikasema Gladys ameotea.

Julai, Ijumaa moja jioni, mitungi ikiwa imeoshwa, alinivuta kando. Binti yake Wanja, wa kidato cha pili, alikuwa amerudi kutoka shuleni amekonda, anakunywa maji bila kukata kiu.

"Pumzi yake iko na ile harufu ya ng'ombe ya Ndambiri," aliniambia. "Wewe umesoma. Nimpeleke hospitali Embu leo, ama naogopa bure?"

"Mtoto si ng'ombe," nilimjibu. "Ana joto?"

Hakuwa na joto.

"Basi ngoja Jumatatu, zahanati ikifunguliwa wampime malaria."

Akanisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: aliniamini mimi kuliko pua yake.

Jumapili Wanja alipoteza fahamu. Alifariki saa moja baada ya kufikishwa hospitalini. Daktari alisema ni ugonjwa wa sukari, kisha akamuuliza Gladys, kwa upole, kama kuna mtu nyumbani aliyesikia harufu ya matunda kwenye pumzi ya mtoto.

Nimewaza sana tangu hapo. Pua ile haikuwa ikibahatisha. Ilikuwa imesoma maelfu ya mitungi, ikafikia jibu kabla ya kupata maneno ya kulieleza. Kazi yangu na vipimo vyangu ilikuwa kuifuata na kuhakikisha, si kuizomea. Kupima sukari kungechukua dakika moja.

Gladys alirudi kazini baada ya mazishi. Hunisalimia vizuri, hajawahi kunilaumu. Ila siku hizi hujifunga leso puani kabla ya kufungua mtungi wa kwanza. Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia.

"Mama Wanja, tafadhali nusa haya. Nina wasiwasi nayo."

Aliichukua laktomita mezani, akaitia mkononi mwangu.

"Pima, karani," akasema.