Nyimbo Zisizo na Vichwa

Saa mbili asubuhi, Mama Soli anapigilia kisigino cha kiatu huku akiimba. Anaanzia katikati ya ubeti, kana kwamba nusu ya kwanza ameimeza.

"Mama, wimbo wako hauna kichwa," anamtania mteja aliyekaa mguu mmoja peku.

"Na kiatu chako hakina soli, mbona nimekipokea?" anajibu bila kuinua macho.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili hushona jozi kumi kwa siku, kazi ikichangamka. Kazi aliirithi kwa baba yake, aliyefariki miaka kumi na tisa iliyopita na kumwachia nyundo, redio kaseti na kanda moja.

Kila mara redio ya kinyozi wa jirani ilipopiga wimbo aupendao, mzee aliisogeza redio kaseti yake dirishani aurekodi. Lakini mikono ilikuwa na gundi, ilibidi aifute kwanza. Mpaka amalize, mwimbaji alikuwa ameshafika mbali.

"Nimekua nikijua nyimbo zote huanza hivyo," anasema akicheka. "Shuleni nikaanzia katikati, mwalimu akadhani nina kiburi."

Kwenye kanda hiyo, kati ya wimbo wa nne na wa tano, mzee anakohoa, kisha anaita: "Mama, njoo usikie huu!" Hivyo ndivyo alivyomwita bintiye. Sauti yake haipo kwingine popote.

Mwezi uliopita redio ilianza kumeza mkanda. Mama Soli akaupeleka kwa fundi simu amhamishie kwenye flashi. Fundi, kwa moyo mweupe, akamtafutia mtandaoni nyimbo zilezile, safi, na vichwa vyake.

"Nikamuuliza, baba yuko wapi? Akasema, 'Baba gani, mama? Si nimekuondolea makelele?' Nililia mbele za watu, wala sikuona haya."

Mkanda bado upo, ila umechoka. Huenda ukapiga mara moja tu kabla ya kukatika. Jumamosi fundi ataweka simu yake kando ya redio, arekodi yote. Ameonywa asikate hata kikohozi.

Mama Soli atakuwepo. Anaogopa, hafichi.

"Siku ile aliponiita sikuitika. Nilikuwa nje nacheza, na kwenye kanda panasikika kimya tu, kisha wimbo," anasema, akiweka nyundo chini. "Jumamosi akiniita, nitasema 'Abee, baba.' Na mimi nirekodiwe humo humo."