Masika ya Kaka Elia

Sauti ya kwanza kwenye albamu ya kaka yangu Elia ni mvua ikidondoka juu ya majani ya migomba, taratibu, kisha filimbi na kinanda vinaingia kama wageni wenye adabu. Hakuna anayeimba. Ameiita Masika. Niliisikiliza hadi mwisho huku nikichemka kwa hasira, maana masika niliyokulia mimi kule Kilema hayakuwahi kuwa na adabu.

Yalikuwa yakipiga bati mpaka hatusikilizani ndani. Mvua kubwa zikianza, mlango wa mfongo, ule mfereji unaoleta maji mashambani, huzibwa kwa mawe na magome ya migomba. Mwaka mmoja zamu ya kuuziba ilikuwa ya baba mdogo, naye alikuwa kilabuni anakunywa mbege. Maji yakafurika, yakabomoa zizi, yakamzoa ndama wetu akilia hadi korongoni. Baba alishika panga, akamkuta mdogo wake mpakani mwa shamba, akampasua bega. Damu ilitiririka kwenye tope. Mama alipiga mayowe, mimi nikajikojolea.

Elia ndiye aliyekumbuka isale, mmea tunaoupanda mipakani. Kwetu Wachagga, ukiletewa jani lake lililofungwa fundo, unasamehe, hata kama umeuliwa mtoto. Alilichuma, akalifunga, akaruka katikati yao, kitoto chembamba kilicholowa chapachapa. “Baba, isale! Isale, baba!” Baba aliliona. Nina hakika aliliona. Akampiga Elia sikioni kwa ubapa wa panga, kisha ndipo panga likamdondoka. Sikio lile la kushoto halijasikia tena hadi leo.

Wiki iliyopita Elia alinituma nimpelekee baba albamu hiyo. Nilimuuliza mbona mvua yake haina kishindo. “Ile nyingine naijua, mdogo wangu,” alisema. “Nilitaka na mimi niisikie hii.”

Baba amezeeka. Nilipofika Kilema nilimwamkia, nikamwekea muziki kwenye simu, akausikiliza wote. Kisha akatoka nje kwenye manyunyu, akarudi na jani la isale, amelifunga fundo.

“Mpelekee kaka yako, mama,” aliniambia.

Sasa niko Moshi mjini, na jani liko mezani mbele yangu, bado bichi. Kesho nitampa Elia, naye atalipokea kwa mikono miwili, namjua. Ningeletewa mimi, ningelirudisha.