Ariel ya Feza na Kitambaa cha Chama

Feza binti Nasoro hakuwa mtu wa kubembelezwa. Ukimwomba kitu asichotaka kukitoa, alikuwa amekataa kabla hujamaliza kusema, kisha anakukaribisha chai kana kwamba hapakutokea neno. Alikuwa fundi cherehani huko Kampemba, mtaa wa mji wa migodi karibu na mpaka, wa ukoo uliotoka Maniema, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyeolewa mara moja na kuona imetosha. Na alikuwa na pikipiki. Si kijipikipiki cha kwendea sokoni, bali Ariel, ya Kiingereza, ya mwaka 1954, tangi jekundu na silinda moja kubwa kama sufuria ya wali.

Baba yake, Nasoro, aliinunua Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwa Mwingereza wa migodini aliyekuwa na haraka ya kurudi kwao. Aliiendesha mwenyewe mpaka mjini, vumbi hadi kwenye kope. Hakuwa na mtoto wa kiume, na wala hakumngoja. Akamfundisha Feza: fungua petroli, bonyeza kabureta mpaka ilowe, rudisha nyuma kile kijiti cha moto kwenye usukani, tafuta mahali injini inapogoma, hapo ndipo ukanyage pedeli ya kuwashia kwa uzito wako wote. Ukisahau kijiti, pedeli itakurudia na mguu wako utalala hospitali. Nasoro alipofariki, baba wadogo walikuja kuuliza nani ataichukua mashine. Feza akawaambia imekwisha kuchukuliwa.

Kila Jumapili aliipeleka Bel-Air, mtaa mwingine, kwenye ua wa mwenzake Émile. Hapo walikutana wanaume watano na yeye, na mashine sita: Norton moja, BSA mbili, Matchless, Triumph na hiyo Ariel. Nje ya ua bei ya unga ilipanda, wakubwa waliteuliwa na kutimuliwa. Ndani ya ua watu wazima walibishana mpaka mate yakawakauka, iwapo Norton inashika kona kuliko BSA. Waliosha mashine zilizokwisha kuwa safi. Pikipiki za Kijapani walizicheka waziwazi. Mmoja akiwasha, wote walinyamaza wasikilize, na mtu aliyethubutu kuongea wakati huo alitazamwa vibaya.

Mkubwa wao alikuwa Symphorien, fundi wa reli, rafiki wa marehemu Nasoro. Jina hilo serikali ilikuwa imelifuta, pamoja na majina yote ya ubatizo, ila kwenye ua ule hakuna aliyepata habari. Symphorien aliipenda Ariel kwa namna isiyofichika. Alikuwa anaishika tangi kila akipita karibu nayo.

Basi mwaka 1973 ikatoka amri nyingine: mwanamke asivae suruali, avae kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, ndio uhalisi wetu. Wanaume waliotunga amri hiyo hawakutaja pikipiki. Hawakuwa na haja. Mwanamke aliyefungwa kikwembe kiunoni hawezi kutanua miguu juu ya Ariel, sembuse kuikanyaga. Feza aliisikia amri redioni, akavaa ovaroli yake, akaenda zake.

Alisimamishwa kwenye mzunguko wa barabara, si mbali na nyumbani, na vijana wa chama tawala. Kiongozi wao, jitu moja liitwalo Chomba, alimwambia ashuke, na kwamba mashine inakwenda ofisini. Akapanda aiwashe mwenyewe. Feza alimwona hajagusa kijiti cha moto, akanyamaza. Pedeli ikamrudia, ikamrusha chini. Walilazimika kuisukuma mashine kilomita mbili juani, Chomba akichechemea nyuma yao. Feza aliwafuata kwa miguu mpaka mwisho, maana hakutaka kuiacha peke yake mikononi mwao.

Mkuu wa ofisi hiyo ya mtaa aliitwa Numbi, mtu mwenye sauti ya upole na kola iliyonyooka. Alimweleza kwamba hana ugomvi na mashine. Suruali imekatazwa, na kwa kikwembe haiendesheki. Kwa hiyo alete mwanaume aiandikishe kwa jina lake kabla ya Jumamosi. Asipomleta, itabaki kwa chama. Feza alitoka pale kwa hasira, na alipofika nyumbani akalia, akamaliza, akanawa uso.

Jumatano Symphorien alikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Alisema ni kwa jina tu. Ariel italala kwake, na Feza atakuja kuiona kila Jumapili kama kawaida. Alizungumza huku akiangalia sakafu, na Feza aliona wazi kwamba mzee wa watu anamhurumia kweli, na kwamba vilevile anaitaka mashine, yote mawili kwa pamoja.

"Baba Symphorien," akamwambia, "miye sikukuomba uitunze. Nilitaka usimame karibu yangu."

Symphorien aliikunja karatasi, akaenda bila kuaga. Chai yake ikapoa mezani.

Usiku ule na siku iliyofuata Feza alishona. Alikuwa na mita sita za kitambaa cha chama, kile cha kijani walichogawiwa mama wote wa mtaa kwa ajili ya kuimba na kucheza mbele ya wageni, chenye sura ya Guide, yaani rais mwenyewe, ndani ya duara, kubwa kama sahani. Alikata vipande vipana, akavipanga ili sura isikatwe popote. Mbele aliweka pande mbili zinazopishana. Ukisimama, ni kikwembe kabisa, kinaanguka mpaka vifundoni. Ukiinua mguu, kinafunguka na kuwa miguu miwili. Chini alitia lastiki, na upande wa kulia, panapopita bomba la moshi, akaongeza kitambaa kizito cha jinzi kwa ndani. Alishona mara mbili kila mshono. Aliogopa, na mara mbili alijichoma sindano.

Jumamosi asubuhi uwanja wa ofisi ulikuwa umejaa. Mama kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja zoezi la nyimbo, wote ndani ya kijani kilekile. Nje ya geti alisimama Symphorien na BSA yake, injini imezimwa. Feza alimpita akiwa ndani ya vazi lake jipya, akaenda moja kwa moja kwenye Ariel, akainua mguu kupima kama kikwembe kitafunguka.

Numbi alitoka ofisini. Hakuchukua muda kuelewa kwamba ni suruali, akamwita raia, kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa.

"Citoyenne, ile ni pantalon."

"Ile ni kitambaa ya chama," Feza akajibu. "Kama inakukosea, pasula." Akatoa mkasi wake kwenye kapu, akamnyoshea Chomba.

Chomba aliutazama mkasi, akazitazama sura zote zile za Guide kuanzia kiunoni hadi chini, akaficha mikono mgongoni. Mkasi ule hata Numbi hakuugusa. Lakini hakuwa mjinga. Alitafakari kidogo, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mabenchi, akikionyesha kiti cha Ariel:

"Utaikala juu ya sura ya Guide. Ile njo kumutukana, na weye unajua wenye banamutukana banaendaka wapi."

Feza alijua ni watu wangapi waliokwenda huko na hawakurudi. Akawageukia wale mama.

"Bamama," akasema, "muko naikala juu ya nini?"

Walitazamana. Mmoja alijiinua kidogo, akachungulia chini yake, akaiona sura ileile. Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele, mnene, mwenye fimbo, akasimama wima, na baada yake wa pili, na hatimaye mabenchi yote yakawa matupu. Thelathini walisimama juani wakimwangalia Numbi, wakingoja awaambie na wao wamemtukana nani.

Numbi alifuta jasho. Akasema basi, atampa ruhusa ya mwezi mmoja wakati wakubwa wakilifikiria jambo hilo. Akaandika pale pale, juu ya kiti cha Ariel. Feza alisoma karatasi, akairudisha.

"Andika jina yangu, Feza Nasoro, njo mwenye pikipiki. Na ile mwezi moja, uifute."

Numbi aliwatazama mama waliosimama. Akafuta, akaandika, akapiga muhuri. Feza akaiweka karatasi kifuani. Alifungua petroli, akabonyeza kabureta, akarudisha kijiti bila haraka yoyote, akakanyaga. Ariel iliitika mara moja. Alipotoka getini na kuangalia nyuma, wale mama walikuwa bado wamesimama, na Numbi alikuwa hajathubutu kuwaambia wakae.